Tanuri la Nerea

Miaka ishirini na sita nimegonga bati hapa Kibuye:
majiko, matoroli, masanduku ya wanafunzi,
matanuri pia, ya kuni na ya makaa,
na sijawahi kuoka hata kibiskuti.
Seremala halalii kila kitanda anachochonga.
Ndivyo nilivyomjibu Nerea wa Manyatta
aliporudisha lake juu ya mkokoteni, jasho likimtiririka:
"Fundi, linaunguza upande wa kushoto."
Nikacheka mbele za watu.
Mama, moto hauna kushoto wala kulia.
Hakubishana. Alilishusha, akaenda zake, pesa hakudai.
Hilo la pesa liliniuma kidogo, kisha likaacha.

Likakaa uani kwangu masika manne.
Kuku mwekundu akaligeuza wodi ya wazazi.

Jumanne hii Peresi yuko Ugunja kwa dada yake,
nimeachiwa Amondi, mjukuu, miaka saba,
asiyetaka uji, asiyetaka nduma,
anayetaka biskuti za paketi, zenye krimu katikati,
kama za mtoto wa mwenye nyumba.
Nikapapasa mfukoni: ufunguo, misumari, shilingi kumi.
"Tutaunda zetu," nikasema.
Mdomo wa fundi una haraka.

Kabatini, unga wa wimbi, kikombe na kidogo.
Ndizi tatu zilizojichokea, ngozi nyeusi,
tamu hadi zinakaribia kunuka pombe.
Njugu, konzi moja. Simsim, ile ya chini ya chupa.
Na yai la yule mpangaji mwekundu,
kodi yake ya kwanza.
Sukari ilikuwepo. Amondi aliiona.
Nikamwambia ndizi zimeshaifanya kazi hiyo.

Nilidhani unga ni kama saruji,
ukikataa unaongeza maji.
Unga si saruji.
Ulining'ang'ania vidole, ukapanda hadi kiwiko,
Amondi akacheka mpaka akakaa chini,
kisha akanionyesha, kwa viganja viwili,
anavyofinyanga ng'ombe wa udongo mvua ikikatika.
Vikatoka vidogo, visivyolingana, kila kimoja na mwenyewe:
hiki cha Nyanya, hiki cha mwalimu, hiki cha kuku.

Moto sasa, moto naujua.
Nikapuliza makaa, nikaweka kiganja mlangoni,
nikahesabu hadi nane kabla ya kukiondoa. Sawa.
Harufu ikatangulia: kwanza njugu,
halafu wimbi, nikamwona mama akipepeta,
mgongo wake kwangu.

Nikavuta trei.
Kulia, kahawia, vimepasuka juu kama kisigino cha mkulima.
Kushoto, mkaa.
Safu nzima ya kushoto.

Amondi hakuona tabu. Alikula vya kulia,
akasema vinakwaruza, akachukua kingine.
Mimi nilipiga magoti, kichwa ndani ya tanuri,
tochi mdomoni, kama daktari wa ng'ombe,
na kona ya nyuma nikakiona:
siku ile bati liliniishia,
nikaunga kipande cha debe, chembamba kama karatasi,
nikapaka rangi juu.
Rangi niliikumbuka.
Kipande nilikuwa nimekisahau,
au nilikisahau kwa makusudi, sijui.

Usiku ule sikulala, nyundo nayo haikulala,
majirani wanisamehe.
Asubuhi nimekodi mkokoteni.
Tanuri limelala juu yake, na bati nene kila upande,
Amondi amelikalia, miguu inaning'inia,
amekumbatia kopo lenye biskuti kumi na moja
(zilikuwa kumi na tatu tulipotoka nyumbani).
Ile nyeusi iko mfukoni mwangu, pamoja na misumari.
Hiyo ndiyo nitakayomwonyesha Nerea kwanza.
Maneno ya kusema bado sijayapata,
na Manyatta si mbali,
na nyuma yetu kuku mwekundu anakuja mbio,
anapiga kelele, anadai nyumba yake.