Dakika ya Sabini na Moja

Kwa miaka thelathini na miwili nililipwa nikumbuke.
Kitini kando ya kamera, daftari magotini,
penseli mbili, saa ya kupimia sekunde,
picha za papo hapo zinazoivia kwapani nyakati za baridi:
divai ilifika wapi kwenye bilauri,
kifungo cha tatu kimefungwa au kimeachwa,
chozi lilishuka shavu lipi kwanza.

Waigizaji walinichukia kwa heshima.
"Kushoto," nilimwambia bwana mmoja mwenye jina kubwa,
"mlango uliufungua kwa mkono wa kushoto."
Akaapa kwa kaburi la mamake kuwa ni wa kulia.
Nikamwonyesha picha. Hakunisalimu hadi Pasaka.

Maana filamu haipigwi kama siku zinavyokwenda.
Mwanamke analia Jumatatu,
habari ya kumliza anaipata Alhamisi ya wiki ya pili,
na kati ya chozi na habari nywele zinakua,
theluji inayeyuka, mbwa anakufa,
analetwa nduguye mwenye doa jeupe sikioni.
Mimi ndiye niliyeshona.
Mshono mzuri hauonekani;
mbaya, hata mtoto anaunyooshea kidole.

Yalinipita mengi, sikatai.
Mshumaa uliorefuka kadiri watu walivyokula.
Viazi kwenye karamu ya mfalme aliyezikwa
miaka mia tatu kabla ya kiazi kuvuka bahari.
Mkia wa moshi wa ndege, mweupe, mrefu,
juu ya wapanda farasi wa Kitatari.
"Watadhani ni wingu," alisema mwongozaji.
Hawakudhani.
Kuteleza si kuanguka, nikajiambia,
nikaenda kununua miwani mipya.

Lakini moja nililiona.

Nje ya Székesfehérvár, Machi, udongo umeganda.
Maiti themanini na saba uwanjani,
wengi wanafunzi, wachache walevi,
na mmoja kaka yangu, Gellért,
aliyelipwa forinti sitini na bakuli la supu ili afe vizuri.
Mshale wa mbao kifuani, damu ya sharubati.
"Kamera ikikupitia, bana pumzi," nilimwambia.
"Piroska, hata kuwa maiti utanifundisha wewe?"

Kamera ikapita.
Nikaona kifua chake kinapanda.
Kinashuka. Mvuke mdogo puani,
kama birika linalosita kuchemka.
Mwongozaji akageuka: "Safi?"
Jua lilikuwa linatukimbia, farasi wameloa jasho,
penseli ninayo mkononi.
"Safi," nikasema.

Msinipambie. Sikuhisi lolote, sikuoteshwa.
Mimi nilikuwa na njaa, yeye alikuwa na baridi, basi.
Novemba ile ile moyo wake ulisimama
kwenye ngazi za stesheni ya treni, mfuko wa matufaha mkononi.
Matufaha yalifika chini kabla yake,
walisema walioona.

Siku hizi filamu ile huonyeshwa usiku wa manane,
na Botond, kijana wa ghorofa ya chini,
anayekusanya makosa kama wenzake wanavyokusanya stempu,
alinipandia mbio na orodha yake. Hajui nilikuwa nani.
Viazi. Moshi wa ndege. Mshumaa.
"Na dakika ya sabini na moja, bibi, maiti anapumua!
Aliyewekwa kuangalia alikuwa wapi?"
Nikamkatia keki ya jozi.
"Labda alisinzia," nikasema.

Alipoondoka nikawasha mashine.
Nimeipima kwa saa yangu ya zamani:
sekunde nne na nusu.
Pumzi moja nzima, na mwanzo wa nyingine,
ambayo mhariri aliikata kabla haijashuka.