Mswaki Kwanza

Hapa Porvenir upepo hausubiri mtu afunge mlango.
Humsukuma mteja ndani, kofia mkononi,
naye husimama mbele ya kaunta yangu
akaomba mswaki.

Huwa ni mswaki kwanza. Au plasta, au pipi za mnanaa.
Miaka thelathini na mmoja nawauzia miswaki
watu ambao meno yao hayana neno.

Nimejifunza kuwapa mgongo.
Najifanya natafuta kalamu kwenye droo ya chini,
maana mtu huuambia mgongo
asiyoweza kuuambia uso.

Eleuterio, mkata manyoya ya kondoo, aliingia akitagaa
kama aliyeshuka farasi jana na bado hajaamini.
"Huku," akasema.
Huku wapi?
"Huku tu, don Ladislao."
Kwenye kinena, duara jekundu lenye ukingo,
linamwasha usiku hadi anaona haya mbele ya mbwa wake.
Alikuwa amepaka krimu ya mkewe, ile ya ukurutu;
wekundu ukatulia siku tatu, ukarudi na ndugu zake.
Fangasi, nikamwambia. Ule ule wa vidoleni,
umepanda ngazi tu.
Paka hii, na wekundu ukiisha usiache siku hiyo hiyo.
Jikaushe. Vaa soksi kabla ya chupi, usiupandishe tena.
"Soksi kabla ya chupi!" Akacheka hadi akakohoa.
Mswaki akausahau.

Nolfa wa kiwanda cha kaa hakuomba chochote.
Aliweka glavu zake juu ya kioo, zikatona.
Kule msimamizi anahesabu dakika za msalani,
basi wanawake hawanywi maji.
Sasa mkojo ulikuwa moto, matone matone,
na mama mkwe alikwisha kumnong'oneza mwanawe
neno moja, baya.
Nikauliza: homa? Maumivu ubavuni, nyuma huku? Mimba?
Hapana, hapana, hapana.
Nenda zahanati leo hii, wapime mkojo.
Vidonge watakavyokupa uvimalize,
hata ukijiona mzima kesho kutwa.
Kisha nikachukua karatasi, nikamwandikia mumewe
kwa herufi kubwa:
HUU SI UZINZI. NI KIU.

Na doña Perpetua, miaka sabini na miwili,
mjane aliyepata mchumba,
alitaka kujua kama nauza mafuta ya bawaba.
"Mlango haujafunguliwa tangu marehemu," akasema,
akitazama dari.
Nikampa jeli. Nikamwambia ukavu si laana, ni umri,
na ukiona damu, hata tone, usinijie mimi, nenda kwa daktari.
Mswaki hakutaka. Mchumba hana meno.

Hayo yote nayasema kwa sauti ya kuuzia sabuni.
Lakini tangu Juni, chooni kwangu,
karatasi ilikuwa ikitoka na damu.
Bawasiri, nilijiambia. Nani hana bawasiri?
Nikajitolea dawa rafuni, nikajiuzia,
nikajirudishia chenji.
Wahenga walisema mficha uchi hazai.
Mwenye duka la dawa hawakumtaja,
nami nikalichukulia hilo kuwa ruhusa.

Oktoba suruali ikawa inanipwaya.
Nikapanda feri, nikavuka mlango-bahari,
nikaketi mbele ya daktari Jasna Mimica,
kijana, kucha fupi, penseli nyuma ya sikio.
"Nini kinakusumbua, bwana?"

Nikamweleza habari za upepo.
Nikalisifu dirisha lake.
Nikamuuliza kama mji huu mkubwa
una duka lenye miswaki mizuri.

Akanitazama kidogo.
Kisha akainuka, akanipa mgongo,
akafungua bomba,
akaanza kunawa taratibu, kidole kimoja kimoja,
mikono iliyokuwa safi tangu nilipoingia.