Pete Inayoteleza

Nyuma ya soko la zamani la Malindi
Dama wa Karisa huuza vitu walivyoviacha
Waitaliano waliorudi kwao:
birika za kahawa zenye viuno vyembamba,
feni zisizo na mguu, miwani ya kupigia mbizi,
na ndani ya beseni la plastiki, lenzi tatu
zimelala kama biringani.

Nimekuja na kamera ya marehemu ami yangu,
Athumani Shebwana, aliyepiga picha za paspoti
miaka thelathini katika chumba cha futi nane.
Kamera hii haijapata kuona mbali.
Inajua uso, mabega, shuka la buluu,
inua kidevu kidogo, basi.
Nataka kuipeleka mto Sabaki unapomwagikia baharini
ikawaone heroe wamesimama topeni
kwa mguu mmoja, kule,
maana nikisogea hatua moja
wao husogea ishirini.

Mfukoni elfu tano. Ya filamu imo humo humo.

Ya kwanza ndefu, milimita mia tatu,
nyeusi, ina maringo. Nikaipachika:
mdomo wake si wa kamera yangu.
"Sukuma tu, itaingia," asema Dama.
Dada, hiki si kifuniko cha sufuria.

Ya pili ikaingia. Ikalia ta! Sauti niipendayo.
Elfu mbili na mia tano, na sifa juu yake,
sifa nyingi mno, nikakumbuka
kibaya chajitembeza.
Nikawasha tochi ya simu, nikachungulia kwa nyuma.
Kuvu imeota ndani ya kioo,
nyuzi nyeupe kama mizizi ya mchicha uliong'olewa.
Hewa ya pwani haisamehe kitu
kilichosahauliwa kabatini.
"Vumbi hilo," asema, akapangusa kwa upindo wa leso.
Akapangusa nje.
Kuvu ikabaki ndani, inatutazama.

Ya tatu: sabini hadi mia mbili na kumi.
Nzito kama kilo ya sukari, jina limesuguliwa na viganja.
Vibati vya tundu vikavu, havina mafuta,
vinafumba na kufumbua upesi kama jicho la kenge.
Kioo safi. Giza kidogo;
jua likishaanza kulegea haifai kitu.
Na ila yake: pete ya kuvutia imechoka.
Ukiinamisha lenzi, inateleza mbele yenyewe,
na ulichokivuta kwa taabu
kinakuponyoka, kinarudi kwao.

Nikasimama kizingitini kuijaribu.
Ng'ambo, chini ya turubai, Bi Esha Fumo
fundi cherehani alikuwa akitunga uzi.
Nikavuta. Akaja.
Mate kwenye ncha ya uzi. Akakosa.
Akakosa tena. Mara ya tatu
akaiweka sindano pajani, akaitazama mikono yake
kama mtu anayetazama watoto waliomjibu vibaya.

Macho hayana pazia, ni kweli,
lakini macho yana kipimo, yana mahali yanapochoka,
na huko yanapochoka ndiko watu huweka siri zao.
Lenzi haikufunzwa hayo.
Filamu ilikuwamo, picha sita zimebaki.
Sikubonyeza.

Nikavuka barabara, nikamtungia uzi.
"Umejuaje?" akauliza.
Nikasema nilikuwa nikipita.
Kwa utani nikamwelekezea lenzi usoni, hatua mbili tu:
ukungu mtupu. Haioni karibu, hii.
Ami angeirudisha siku hiyo hiyo.

Dama alitaka elfu nne na mia tano.
Kipya kinyemi, nikamwambia, hiki ni kikuukuu
na pete yake haitulii nyumbani.
Tukaachana kwenye elfu tatu na mia nane,
na kipande cha tyubu ya baiskeli
akakikata mwenyewe kwa kisu cha samaki
nikifunge pale panapoteleza.

Imebaki elfu moja na mia mbili.
Filamu ni elfu moja na mia saba.
Nina picha sita, basi,
na kesho kutwa ni Jumamosi.