Jumanne, Ukumbi wa Shule

Brno. Theluji inayeyuka viatuni.
Tunavipanga chini ya goli la kikapu,
tunaingia na soksi. Ya Bohumil imetoboka,
kidole gumba kinatusalimu.

"Jogoo wa dhahabu," anasema mwalimu Vlasta.
Mguu mmoja juu. Tunayumba,
bega linaegemea bega,
mmoja akicheka, wote chini.

Zdenka alirudi na nyonga ya chuma
na kiti cha kukunja kwapani.
Akaketi nyuma, karibu na mlango,
akisukuma mawingu kwa mikono tu,
macho sakafuni.

Wiki iliyofuata hatukushauriana.
Bohumil alishusha kiti. Nami changu.
Vlasta, mwisho, akavuta chake:
majogoo kumi na wawili
tumekaa kitako,
na leo hakuna aliyeanguka.