Mshahara wa Shingo

Miaka kumi na mmoja ya raga
Luhende alikula mshahara wa shingo.
Wenye mbio walipigwa picha;
yeye aliinama kwenye skramu, akasukuma, akatema nyasi.
Sikio la kushoto lilirudi Kirumba
limejikunja kama andazi la jana.

"Ulifunga mangapi?" mama aliuliza,
mkono ndani ya gunia la dagaa.
"Moja. Niliangukia mpira."

Leo mvua imezamisha lori pale mwaloni.
Vijana wanapiga kelele, kila mtu upande wake.
Luhende anavua ndala,
anawashikanisha bega kwa bega, viuno chini:
subirini…
sasa!

Lori linachomoka. Dereva anapiga honi, hatazami nyuma.
Luhende anacheka, tope mdomoni.
Ndivyo mpira ulivyotoka kila mara,
nyuma ya miguu yake,
kwenda kwa wengine.