Ukoka wa Shanti

Mvua haijashuka, Eliawony keshanoa fyekeo.
"Tusiunyoe kipara," humwambia mwenye nyumba,
"masika itauchubua."

Juni, ukungu ukiukalia mlima siku ya tisa,
huidunga ardhi kwa uma, tundu kwa tundu,
udongo upate pumzi.

Januari humwagilia alfajiri, kimya,
kabla jua halijadai chake.

Na kila alichofyeka hukishindilia guniani,
akapanda nacho Kibosho
kwa ng'ombe wake mmoja, mweusi, mwenye kiburi.
Samadi hurudi Shanti kwa gunia lilelile.

Wageni wakija, mwenye nyumba huvua viatu:
"Kanyageni! Zulia langu hili!"

Eliawony hutabasamu, hukung'uta reki.
Ukoka ule ameunywa asubuhi,
kwenye chai ya maziwa,
vikombe viwili.