Makabidhiano

Uliniachia funguo kumi na tisa na maelezo ya kumi na nane.
Ule mdogo wa shaba, wenye uzi mwekundu,
hukuusema, nami sikuuliza;
ulikuwa na haraka ya kustaafu,
umevaa kitenge cha harusi ya mtu,
na ofisi ilinuka chaki na dagaa.

Tulihesabu. Madawati mia na arobaini, mabovu sita.
"Saba," ukasema. "Hilo la dirishani linakudanganya."
Ukalikalia. Likalia.

Leo tumekuzika Kayenze, Mwalimu Nyanzobe,
kwenye udongo mchache tuliobakiziwa na mawe.
Wachimbaji walihama mara tatu, kila jembe linagonga mwamba,
hadi Bwire mlinzi akafuta jasho, akanong'ona:
"Hata huko chini wamesikia anakuja, wamefunga mlango."
Tukacheka kwa midomo iliyofumbwa.

Ofisa elimu alisoma wasifu wako dakika nne:
Kome, Nansio, Igombe, hapa.
Vyeti viwili. Barua moja ya pongezi, jina limekosewa.
Hakutaja mwezi.

Basi mimi nautaja.
Mwezi ulipofifia, darasa la sita lilipungua;
gizani ndiko dagaa hufuata taa,
na wavulana hufuata dagaa.
Pembeni mwa kila tarehe, kwenye daftari la mahudhurio,
ulichora kwa penseli kiduara:
cheusi, nusu, cheupe.
Mkaguzi wa mjini akauliza kama ni uganga.
"Ratiba," ukamjibu. "Ya kwenu nimeitundika ukutani.
Hii ndiyo inayofuatwa."

Saa kumi na moja alfajiri, karabai zinazimwa moja moja,
unashuka mwaloni, viatu mkononi, daftari kwapani.
"Mabula Nkwabi!"
"Nipo."
"Wapi?"
"Hapa."
"Hapa hakuna ubao. Nenda ukawepo kule."
Kisha unapindua ndoo, unaikalia,
unabishana na wenye mitumbwi kama anayenunua nyavu:
usiku wa Ijumaa sawa, wa Jumapili hapana,
wa kuamkia mtihani hata kwa dawa.
Wengine walikubali. Wengine walikuita mchawi wa vitabu.

Hukuwa mtamu. Boksi la chaki lilipopungua
ulimwita Bwire mwizi mbele ya watu,
na kesho yake, mstarini, mbele ya watu walewale,
ukasema, "Nilihesabu vibaya,"
ukanyamaza
muda mrefu kuliko wimbo wa taifa.

Na Saguda.
Tulitoka watatu. Tulirudi wawili,
tumeng'ang'ania debe.
Jina lake hukulikata kwa wino mwekundu.
Hadi Desemba, kila asubuhi, uliweka nukta kwenye mraba wake:
si yupo, si hayupo.
Nilikaa dawati la mbele; niliiona kalamu ikisita.
Hukuniuliza kitu.
Ulinipa kazi ya kugonga kengele, ile rimu ya lori,
nikaigonga miaka miwili bila kuchelewa.

Jioni hii, wageni wakila wali wa msibani,
nimeshuka mwaloni na funguo zako.
Nyuma ya jiwe ambapo mnandi huanika mbawa
kuna mtumbwi uliofungwa kwa mnyororo,
umejaa magugu maji.
Nimeupita miaka yote nikidhani una mwenyewe.
Nimeinama.
Kiraka cha bati. Misumari minne, mmoja umepinda:
niliugongelea mimi.

Ufunguo wa uzi mwekundu umegoma,
kisha umezunguka.

Nimefunga tena. Nimerudi ofisini, nimewasha taa,
nimeifungua hati yetu, ukurasa wa mwisho,
na chini ya sahihi yako nimeandika:
Mtumbwi mmoja, mbovu.
Kufuli moja, zima.